UZI: Tito alilipa dola milioni 20 mwaka 2001, mwaka 2022 kiti kikawa milioni 55. Kwa nini nauli ya anga za juu haishuki?

#1 Mhasibu wa Nyegezi
Wakuu, habari za jioni.

Aprili 2001 Mmarekani Dennis Tito aliwalipa Warusi dola milioni 20 hivi, akapanda chombo chao cha Soyuz hadi Kituo cha Kimataifa cha Anga na kurudi, safari ya karibu siku nane. Ndiye abiria wa kwanza kujilipia. Aprili 2022 matajiri watatu walikwenda kituo kile kile kwa chombo cha SpaceX, safari ikiwa imeandaliwa na kampuni ya Axiom, na bei iliyotajwa ilikuwa dola milioni 55 kwa kiti. Ukizidisha kwa shilingi 2,500 unapata bilioni 137 na ushee. Kwa mtu mmoja.

Katikati hapo simu na kompyuta zimeshuka bei mpaka kila kijiwe cha Kirumba kina mtu mwenye intaneti mfukoni. Roketi nazo zilianza kurudi na kutua wima tangu mwishoni mwa 2015. Lakini nauli imepanda. Ninachodai ni hiki: teknolojia imefanya kazi yake, kasoro iko sokoni. Hakuna muuzaji mwenye sababu ya kushusha. Nipingeni kwa hoja.

#2 Pasiansi Boy
Mkuu, moto ule unaotoka chini ya roketi umeuona? Hayo mafuta yanauzwa. Jibu ni hilo tu, ufunge uzi.

#3 Bint Nansio
Mhasibu, umesahau mfumuko wa bei, na wewe ndiye mhasibu. Dola milioni 20 za mwaka 2001 zilikuwa sawa na kama milioni 33 za mwaka 2022. Kwa hiyo linganisha 33 na 55. Imepanda, ndiyo, ila si karibu mara tatu kama kichwa cha habari kinavyotisha.

#4 Mwalimu Igoma
#2 Pasiansi, ngoja nikupe hesabu ninayowapa wanafunzi wangu wa kidato cha sita.

Kukaa kwenye mzingo wa dunia, yaani njia ya kuizunguka bila kuanguka, kunataka mwendo wa karibu kilomita 7.8 kwa sekunde. Kila kilo moja ikiwa kwenye mwendo huo inabeba nishati ya megajuli 30 hivi, ongeza kidogo kwa kuipandisha kilomita 400. Mtu wa kilo 80 anafikia jumla ya uniti 700 na kitu za umeme. Nunua LUKU kwa bei ya nyumbani, ni kama laki mbili na nusu za Kitanzania. Hiyo ndiyo nishati halisi ya kumweka mtu mzingoni.

Tabu ni kwamba roketi inabeba mafuta ya kubebea mafuta. Falcon 9, roketi ya SpaceX, ikiwa tayari kuruka ina tani karibu 549, na mzigo inaoweza kufikisha mzingo wa chini ni tani 22.8 tu, tena ikikubali kupotea nzima. Hata hivyo, mafuta yenyewe ni aina ya mafuta ya taa iliyosafishwa sana, pamoja na oksijeni ya kimiminika. Elon Musk, mwenye SpaceX, amewahi kuyataja kuwa ya dola laki mbili hivi kwa safari nzima. Safari moja ya roketi hiyo mwaka 2024 iliuzwa karibu dola milioni 70. Mafuta hayafiki hata asilimia moja.

#5 Mzee wa Mwaloni
Mwalimu, hapo umenifungua macho. Mimi nina mitumbwi, na kwangu petroli ndiyo inayokula: mashua ikirudi na sangara wachache, mafuta yamekula kila kitu na vijana hawana mgao. Ndiyo maana nilikuwa upande wa Pasiansi. Sasa kama mafuta ni kidogo hivyo, mamilioni mengine yote yanaliwa na nani?

#6 Kapteni Mstaafu
Yanaliwa na chuma na watu.

Sehemu ya chini ya Falcon 9 inarudi, ya juu haijawahi kurudi. Kila safari injini yake, tangi lake na vifaa vyake vya kuongozea vinaungua. Vyombo vya abiria vya Dragon vimetengenezwa vitano tu: Endeavour, Resilience, Endurance, Freedom na Grace. Kila kimoja kikitoka baharini kinafunguliwa, kinakaguliwa, kinavikwa ngao mpya ya joto. Ongeza mafundi, chumba cha kuongozea safari, meli za kumwokota abiria, mafunzo ya miezi. Watu hao wanalipwa mshahara mwezi wenye safari na mwezi usio na safari. Safari zikiwa chache kwa mwaka, kila kiti kinabeba mishahara mingi.

Kwa hiyo mimi sikubaliani na #1. Si ulafi, ni uchache wa safari.

#7 Mhasibu wa Nyegezi
Kapteni, nakuheshimu, ila jibu hili. Sehemu ya chini iliruka mara ya pili kwa mara ya kwanza Machi 2017, na sasa zipo zilizoruka zaidi ya mara ishirini. Hiyo ndiyo sehemu ya gharama kubwa kuliko zote. Bei iliyotangazwa ya Falcon 9 ilikuwa dola milioni 62, mwaka 2024 ikakaribia 70. Akiba ya kurudisha chuma imekwenda wapi? Imebaki kwa mwenye roketi, anarushia setilaiti zake za Starlink kwa gharama yake ya ndani, na mteja wa nje analipa bei ya sokoni. Boeing angetoka na chombo chake cha abiria, Starliner, kwa wakati tungeona ushindani. Mwaka 2024 Starliner ilipeleka watu wawili, ikarudi tupu, wakarudishwa na Dragon. Duka ni moja kijijini.

#8 Ukerewe Kwetu
Nyote mnabishana juu ya 55, mimi nataka tuitazame 20. Bei ya Tito haikuwa bei kamili.

Soyuz moja ilikuwa inakaa kituoni kama chombo cha dharura, na haikuruhusiwa kukaa zaidi ya miezi sita hivi. Kwa hiyo kila nusu mwaka Warusi walikuwa lazima wapeleke mpya, abiria awepo asiwepo. Rubani wawili, kiti cha tatu kitupu. Nchi ilikuwa na ukata, kituo chao cha Mir walikuwa wamekiangusha baharini Machi mwaka huo huo, na Tito mwanzoni alikuwa anakwenda Mir kabla hawajamhamishia kituo kipya. NASA, shirika la anga la Marekani, waligoma, Warusi wakasema fedha imeshaingia. Dola milioni 20 kwa kiti ambacho kingeruka kitupu ni faida safi.

Sasa tazama kilichotokea viti vilipoadimika. Vyombo vya Shuttle vya Marekani vilistaafu 2011, Wamarekani wakawa hawana njia nyingine, na bei ya kiti cha Soyuz kwa NASA ikapanda mpaka ikapita dola milioni 90 mwaka 2020. Abiria wa kujilipia walikoma na Guy Laliberté mwaka 2009, hawakuonekana tena kituoni mpaka 2021. Miaka kumi na miwili! Matajiri walikuwapo wakati wote huo. Viti ndivyo havikuwapo.

#9 Pasiansi Boy
Ukerewe Kwetu leo umeshusha nondo. Nafuta hoja yangu ya mafuta kabla Mwalimu hajaniita ubaoni.

#10 Chifu wa Magu
Mbona Bezos, tajiri wa Amazon, alikwenda huko huko kituoni 2021 na kiti kikauzwa milioni 28? Hiyo ni nusu ya 55. Kwa hiyo imeshaanza kushuka.

#11 Mwalimu Igoma
Hapana Chifu. New Shepard, roketi ya Bezos, haifiki kituoni wala haiingii mzingoni. Tarehe 20 Julai 2021 ilipanda kama kilomita 107, ikashuka, dakika kumi na kidogo imekwisha. Kumpandisha mtu kilomita 100 bila kumpa mwendo wa pembeni kunataka megajuli moja hivi kwa kilo. Kituoni ni zaidi ya thelathini. Hizo ni biashara mbili tofauti.

Na hiyo milioni 28 ilikuwa ya mnada. Aliyeshinda hakuruka siku ile, nafasi akapewa kijana wa Kiholanzi wa miaka 18, Oliver Daemen. Aliyekaa naye ni Wally Funk, mama wa miaka 82 aliyefaulu vipimo vya urubani wa anga tangu miaka ya 1960 na kunyimwa nafasi kwa sababu ni mwanamke. Huyo nilimfurahia kuliko Bezos.

#12 Bint Nansio
Kwenye hizo safari fupi ndiko somo la uchumi lilipo, kwa sababu bei zake zinajulikana. Virgin Galactic ya Richard Branson ilianza 2004 ikiuza kiti dola 200,000. Ikapanda 250,000, mwaka 2021 ikawa 450,000, baadaye 600,000. Mamia ya watu walilipa na kusubiri. Mwaka 2014 chombo kilivunjika majaribioni, rubani mmoja akafa. Safari ya kwanza ya kibiashara ni Juni 2023. Mwaka huo mapato yao hayakufika dola milioni 10, hasara ikapita milioni 500. Katikati ya 2024 wakakipumzisha chombo chao pekee wajenge vingine.

Mhasibu, hapo hoja yako ya ulafi inakaa wapi? Muuzaji amepandisha bei mara tatu, wateja wapo, na bado anazama.

#13 Mhasibu wa Nyegezi
Ya Virgin nakubali ni kesi nyingine. Wateja walikuwapo, vyombo vya kuwabeba havikuwapo.

#14 Msukuma wa Kisesa
Mwangaluka wote. Mimi naona mnaacha jambo letu. Mwanza tuko nyuzi mbili na nusu tu kusini mwa ikweta. Dunia hapa inazunguka kilomita 1,670 kwa saa, huo ni mwendo wa bure kwa roketi. Wafaransa wanarushia Kourou, Guyana yao kule Amerika Kusini, kwa sababu hiyo hiyo. Kwa nini tusiweke uwanja Ukerewe, abiria ashukie uwanja wa ndege wa Mwanza, ale sato, aruke? Nauli si itapungua?

#15 Mpwani Halisi
Kisesa, Afrika Mashariki ilishafanya hivyo kabla yetu kuzaliwa. Karibu na Malindi Waitaliano waliweka jukwaa la San Marco ndani ya bahari, wakarusha setilaiti kuanzia 1967 mpaka 1988 kwa roketi za Kimarekani za Scout. Ya tarehe 12 Desemba 1970 ilipewa jina Uhuru kwa sababu iliruka siku ya uhuru wa Kenya, na ndiyo setilaiti ya kwanza duniani ya kuchunguza miale ya eksirei kutoka angani. Nimekulia upande ule, majukwaa yale yanaonekana kutoka ufukweni. Hakuna abiria aliyewahi kupandia pale.

#16 Kapteni Mstaafu
Na kuna sababu walichagua Malindi na si ziwani. Roketi ikitaka msaada wa mzunguko wa dunia inaruka kuelekea mashariki. Mashariki ya Malindi ni bahari tupu. Mashariki ya Ukerewe ni Bunda, Serengeti, kisha Kenya yenye watu. Ikipasuka, au sehemu ya chini ikianguka, inaangukia nani? Wavuvi wa Mzee wa Mwaloni ndio wangekuwa wa kwanza kuhamishwa.

Tena njia ya kituo imeinama nyuzi 51.6 kwa ikweta, kwa hiyo ukikifuata kutoka hapa faida ya ikweta nyingi inapotea.

#17 Msukuma wa Kisesa
Wabeja Kapteni. Ila Serengeti isingekuwa na mbuga kungekuwa na mazungumzo.

#18 Mama Kirumba
Nimesoma kimya. Daraja letu la Kigongo–Busisi lililofunguliwa Juni 2025 limegharimu zaidi ya shilingi bilioni 700. Viti vitano vya bei ya Mhasibu ni bilioni 687. Watu watano wakatazame dunia siku chache, au kilomita tatu za daraja ambazo zimewaondolea wagonjwa wa Sengerema foleni ya kivuko. Sitaki kujua kwa nini bei haishuki. Nataka kujua kwa nini dunia inaruhusu bei hiyo iwepo.

#19 Chifu wa Magu
Mama, hiyo fedha isingekuja Sengerema hata wasingeruka. Wangenunua boti za kifahari.

#20 Mama Kirumba
Chifu, inategemea nani analipa. Endelea kusoma uzi.

#21 Bint Nansio
Mama Kirumba yuko sawa kuuliza nani analipa. Safari ya kwanza ya Axiom ilibeba matajiri watatu na kamanda ambaye ni mwajiriwa wa kampuni, kwa hiyo watatu walilipia viti vinne. Ya tatu, Januari 2024, ilibeba watu wa Italia, Uturuki na Sweden. Ya nne, Juni 2025, India, Poland na Hungary. Hao wametumwa na serikali zao. Hata ile safari ya kwanza ya kibiashara ya Virgin, wateja wakuu walikuwa Jeshi la Anga la Italia. Tunaziita safari binafsi, lakini kodi ya wananchi imo ndani. Na serikali haijadili bei kama mtu anayetoa fedha yake. Kwangu hiyo ndiyo sababu kuu bei imesimama.

#22 Mwalimu wa Historia, Nyakato
Naomba kuongeza jambo la hapa hapa Mwanza ambalo vijana hawafundishwi. Tarehe 28 Februari 1931 kampuni ya Imperial Airways ilianzisha safari ya kila wiki kutoka London, na mwisho wa njia ulikuwa Mwanza. Cape Town ilifikiwa Januari 1932. Unadhani nani alilipia? Barua. Serikali ya Uingereza ilikuwa imeipa kampuni hiyo ruzuku ya pauni milioni moja kwa miaka kumi kuanzia 1924, na mkataba wa barua ndio ulioshikilia njia nzima. Abiria alikuwa nyongeza.

SpaceX imepita njia ile ile. Desemba 2008 NASA waliwapa mkataba wa dola bilioni 1.6 wa kupeleka mizigo kituoni, mwaka 2014 wakaongeza bilioni 2.6 za kubeba wanaanga. Abiria wa kujilipia amekuja baadaye, juu ya chombo ambacho serikali imeshalipia. Kwa hiyo subirini. Usafiri wa anga ulichukua miaka arobaini hivi tangu 1931 mpaka mtu wa kawaida akaanza kuumudu.

#23 Ukerewe Kwetu
Mwalimu wa Historia, habari ya 1931 nimeipenda sana, ila hitimisho lako silikubali. Ndege ile ilimleta mtu Mwanza, na Mwanza palikuwa na kazi: pamba, dhahabu ya Geita iliyokuwa inatafutwa, utawala. Mtu alirudi tena na tena kwa sababu ana shughuli. Abiria wa New Shepard alishukia jangwa lile lile la Texas aliloondokea. Nani ana shughuli huko juu ya kumrudisha mara kumi? Charles Simonyi alikwenda mara mbili, 2007 na 2009, na bado anatajwa kama ajabu. Bila mahali pa kwenda, wingi wa safari hauji, na bila wingi Kapteni wa #6 ataendelea kuwa sahihi milele.

#24 Pasiansi Boy
Na Mwafrika hata mmoja hajafika, kwa hiyo wingi wetu sisi haupo kabisa.

#25 Mpwani Halisi
Pasiansi, rudi ubaoni. Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini alikwenda kituoni Aprili 2002, mwaka mmoja tu baada ya Tito, kwa karibu dola milioni 20 zake mwenyewe. Alikuwa ameuza kampuni yake ya usalama wa mtandao, Thawte, kwa dola milioni 575. Na Agosti 2022 Mmisri Sara Sabry aliruka na New Shepard, nauli yake ikiwa imelipwa na shirika la hisani.

#26 Mama Kirumba
Swali jingine, na nina sababu ya kuliuliza, familia yetu ilipoteza mtu ziwani. Chombo kikianguka, nani anawajibika kwa abiria?

#27 Kapteni Mstaafu
Pole sana mama.

Marekani, ambako karibu zote zinaruka, sheria ya tangu 2004 inaizuia mamlaka yao ya anga kuweka kanuni za usalama wa abiria hawa. Zuio limesogezwa mara kadhaa, sasa ni mpaka mwanzo wa 2028. Abiria anaelezwa hatari kwa maandishi, anasaini. Mtu wa chini akiumia ndipo kuna bima ya lazima, yenye kikomo cha dola milioni 500, na juu yake serikali inasaidia. Shuttle iliruka mara 135, mbili zilipotea na watu 14. Meli ya abiria yenye rekodi hiyo isingeachiwa kutoka Bandari ya Kusini.

Kwa hiyo wanaosema usalama ndio unaopandisha nauli, mimi naona kinyume. Siku kanuni kamili zitakapokuja, nauli itapanda zaidi ya hapa. Na zije.

#28 Mzee wa Mwaloni
Zije kweli. Na huko kituoni kwenyewe wanalipa malazi?

#29 Bint Nansio
Wanalipa Mzee. Mwaka 2019 NASA walitoa orodha ya bei: dola 11,250 kwa siku kwa mtu mmoja kwa ajili ya hewa na choo, 22,500 kwa chakula na mahitaji mengine, umeme dola 42 kwa uniti. Jumla kama 35,000 kwa usiku. Umeme huo ni zaidi ya shilingi laki moja kwa uniti, sisi huku ni mia tatu na kitu. Baadaye wakapandisha.

Lakini fanyeni hesabu ya upande wa pili. Kukiendesha kituo kunawagharimu NASA kama dola bilioni 3 kwa mwaka. Gawanya kwa siku 365, ni milioni 8 kwa siku. Gawanya kwa watu saba wanaokaa huko, kila mmoja anakula zaidi ya milioni moja kwa siku, na abiria anatozwa 35,000. Maana yake hata ile 55 ni bei ya kubebwa. Mhasibu, unalalamika nauli ni kubwa, mimi nasema ni ndogo mno.

#30 Mhasibu wa Nyegezi
Bint, hiyo bilioni 3 ingetumika hata asipokwenda abiria yeyote, kama Soyuz ya #8 ambavyo ingeruka hata bila Tito. Huwezi kumtwika abiria gharama ambayo hakuisababisha.

#31 Bint Nansio
Kituo kinapangwa kushushwa baharini mwaka 2030 au karibu na hapo, na SpaceX walishapewa kazi hiyo mwaka 2024 kwa dola milioni 843. Axiom na wengine wanataka kujenga vituo vyao. Hapo hakutakuwa na serikali ya kulipa hiyo bilioni 3, kwa hiyo kodi, hewa na choo vyote vitaingia kwenye tiketi. Niwekee bei yako ya 2031 hapa, na mimi naweka yangu: haitashuka chini ya 55.

#32 Mhasibu wa Nyegezi
Vituo vyao vitakuwa vidogo, watu wanne, uendeshaji mwepesi. Na kama Starship, roketi mpya kubwa ya SpaceX, itarudi nzima, juu na chini, hoja ya Kapteni ya chuma kinachoungua imekufa. Naweka 30.

#33 Kapteni Mstaafu
Starship haina namna ya kumtoa abiria ikipasuka wakati wa kupanda. Dragon inayo, na Septemba 2022 mfumo wa aina hiyo ndio uliokitoa salama chombo cha New Shepard kilichokuwa hakina watu. Kabla ya kuweka 30, tuambie nani atasaini kupanda.